Mark Twain: mtalii wa Mediterania aliyeandika dhidi ya Leopold II

Mark Twain anajulikana duniani kwa hadithi zake za watoto watundu wa mto Mississippi. Kwa Wakongomani kuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Mwaka wa 1905, wakati nchi hii ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold II, alitoa kitabu kidogo cha kumshitaki mfalme huyo mbele ya dunia. Lakini jina lake lilikuwa limepanda zamani, juu ya safari ya watalii kwenye bahari ya Mediterania.

Jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens. Alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 11, 1835, Missouri, Marekani. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 11, akaenda kujifunza kazi ya kuchapa magazeti. Baadaye akaongoza meli za mvuke mtoni. Vita ya 1861 ikakata kazi hiyo, basi akaelekea magharibi na kuwa mwandishi wa habari.

Mwaka wa 1867 meli Quaker City ilitangaza safari ya kuzunguka Mediterania. Bei ilikuwa dola 1,250, makuta mengi sana wakati ule. Gazeti moja la San Francisco likamlipia, naye alitakiwa kutuma barua kutoka safarini. Meli iliondoka New York mwezi wa sita, ikarudi mwezi wa 11.

Kutoka Gibraltar alivuka na wenzake wachache mpaka Tangier, Moroko, mji uliomfurahisha sababu haukufanana na kitu chochote cha kwao. Kule Genoa, kiongozi wa watalii aliwaonyesha kwa majivuno barua ya Christopher Columbus. Wao wakajifanya hawamjui, wakauliza kama bado yuko hai. Ugiriki iliwakataza kushuka juu ya kolera. Twain na wenzake watatu wakatoroka melini usiku, wakaenda kwa miguu mpaka Athens, wakapanda Acropolis kwenye mwanga wa mwezi, na kurudi kabla ya jua kuchomoza. Misri ilikuwa karibu mwisho: walishuka Alexandria, na kule Giza vijana Waarabu walimvuta jiwe kwa jiwe mpaka juu ya piramidi, wakimdai bakshishi njiani.

Barua zile zikawa kitabu, The Innocents Abroad, mwaka wa 1869. Kilinunuliwa sana. Ndani yake aliwacheka watalii wenzake waliovunja vipande vya mawe ya kale ili wapeleke nyumbani. Lakini aliwacheka pia wenyeji, hasa maskini wa Siria na Palestina, kwa maneno ya dharau. Mtu anayepita haraka, bila kujua lugha, anaona matambara na mikono inayoomba, anafikiri ameona watu.

Safari nyingine ilimbadilisha. Biashara zake zilianguka, madeni yakamlemea, na mwaka wa 1895 akaanza kuzunguka dunia akitoa hotuba za kulipisha: Australia, India, Afrika Kusini. Deni alilimaliza. Kule njiani aliona namna wakoloni walivyotendea watu, na aliporudi Marekani mwaka wa 1900 alikuwa mpinzani wa wazi wa tawala hizo.

Mwaka wa 1904 E. D. Morel, aliyeongoza kampeni juu ya Kongo, alimfuata Marekani na kumwomba msaada wa kalamu. Twain alisoma ushuhuda wa wamisionari na kuona foto za watu waliokatwa mikono wakati wa kulazimishwa kuvuna mpira. Ndipo akaandika King Leopold's Soliloquy. Humo mfalme anaongea peke yake, anajitetea, analalamika, na kinachomuudhi kuliko vyote ni kamera, shahidi ambaye hawezi kumhonga. Makuta ya kitabu hicho Twain hakuyachukua.

Mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuachia Kongo kwa nchi ya Ubelgiji, ingawa kazi za lazima ziliendelea miaka mingi. Twain alifariki tarehe 21 mwezi wa nne, 1910. Bandari za Mediterania alizishuka nyingi. Kongo hakufika hata siku moja. Aliijua kwa kusikiliza waliofika na kutazama sura za walioumizwa.