Bayard Rustin, mwanachama aliyefichwa na wenzake

Katika vyuo vikuu vya Marekani mna vyama ambavyo havina mfano kamili huku kwetu. Ni vyama vya udugu kwa wavulana na vya udada kwa wasichana. Aghalabu huitwa kwa herufi za Kigiriki, huwa na viapo na siri zake, na humfunga mwanachama hadi kaburini. Kwa miaka mingi vyama hivyo vimezozana iwapo mwanafunzi ampendaye mtu wa jinsia yake anastahili kuitwa ndugu. Kwa mkazi wa Kakamega, mzozo huo waweza kuonekana kuwa wa mbali. Hata hivyo, yako maisha ya mtu mmoja yanayouleta hadi mlangoni petu, nami nimeona vyema niyasimulie kwa faida ya walimu na wanafunzi.

Mtu huyo ni Bayard Rustin. Alizaliwa tarehe 17 Machi 1912 katika mji wa West Chester, jimbo la Pennsylvania, akalelewa na babu na nyanya yake, Janifer na Julia. Utotoni aliamini kwamba hao ndio waliomzaa, na kwamba mama yake halisi, Florence, alikuwa dada yake. Julia alikuwa amekuzwa katika mafunzo ya Quaker, madhehebu yale yale ambayo wamishonari wake walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambayo leo yana waumini wengi mno katika kaunti za Kakamega na Vihiga. Wasomaji wa sehemu hizi wanayajua mafunzo hayo: kwamba ndani ya kila binadamu mna nuru ya Mungu, na kwamba vita si njia ya haki. Kijana Bayard alipomdokezea nyanya yake kwamba moyo wake uliwaelekea wavulana, mama huyo hakumfukuza wala hakumlaani.

Mwaka 1932 Rustin aliingia Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio, kwa ufadhili alioupata kwa sababu ya sauti yake nzuri ya kuimba. Huko akawa mwanachama wa Omega Psi Phi, chama cha udugu kilichoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Howard tarehe 17 Novemba 1911 na wanafunzi watatu pamoja na mwalimu wao, mwanabiolojia Ernest Just. Chama hicho kimejengwa juu ya nguzo nne, nazo ni uanaume, elimu, ustahimilivu, na kuwainua wengine. Ningependa msomaji aziweke nguzo hizo akilini tunapoendelea, kwani ndizo mizani ambayo chama chenyewe kilichagua kuwapimia wanachama wake.

Rustin aliondoka Wilberforce bila shahada. Alifika New York, akaimba ili kujikimu, akajiunga na vijana wa Kikomunisti na kuwaacha mwaka 1941. Kisha akawa mfuasi wa A. Philip Randolph, kiongozi wa wafanyakazi Weusi wa reli, na mhubiri wa njia ya Gandhi ya kupinga dhuluma bila kumwaga damu. Kwa kuwa dini yake ilimkataza kushika silaha, alikataa kuingia jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akafungwa tangu 1944 hadi 1946. Mwaka 1947 yeye na wenzake, Weusi kwa Weupe, walipanda mabasi ya kusini wakiwa wameketi pamoja kinyume cha desturi ya ubaguzi. Kwa kosa hilo alitumikia siku 22 katika kundi la wafungwa wa minyororo huko North Carolina. Ikiwa uanaume ni ujasiri, sijui ni nani angemzidi.

Mnamo Januari 1953 alikamatwa mjini Pasadena, California, kwa kukutwa na wanaume wengine, akafungwa siku 60. Shirika la wapenda amani alilolitumikia kwa miaka 12 likamwachisha kazi. Miaka miwili baadaye alishiriki kuandika kijitabu mashuhuri cha Quaker kuhusu amani, lakini jina lake likaachwa nje kwa kuhofia kwamba kesi ile ingekitia doa. Jina hilo lilirudishwa baada ya zaidi ya nusu karne, mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa.

Mwaka 1956 alikwenda Montgomery kumsaidia kasisi kijana, Martin Luther King, kuielewa kwa kina njia ya Gandhi. Mwezi wa Aprili 1959 alikuwa miongoni mwa waandalizi wa maandamano ya vijana ya kudai shule zisizobagua, mjini Washington, ambako Tom Mboya wetu alikuwa mmoja wa waliohutubu. Lakini mwaka 1960 mbunge Adam Clayton Powell, naye pia Mweusi, alitishia kueneza uzushi kwamba King na Rustin walikuwa wapenzi. King alisitasita, na Rustin akajiuzulu. Mwaka 1962 tunamkuta Dar es Salaam, katika Tanganyika iliyokuwa imepata uhuru miezi michache tu, akishirikiana na Bill Sutherland na Michael Scott kupanga maandamano ya amani ya kuvuka mpaka ili kumuunga mkono Kenneth Kaunda wa Rhodesia ya Kaskazini.

Kilele cha kazi yake kilikuwa tarehe 28 Agosti 1963. Roy Wilkins, mmoja wa viongozi wakubwa wa Weusi, alikuwa amepinga Rustin asiwe mwelekezi wa maandamano ya Washington. Randolph akakubali cheo hicho yeye mwenyewe, kisha akamteua Rustin kuwa naibu wake na kumwachia kazi yote. Kwa muda wa majuma manane hivi Rustin alipanga mabasi zaidi ya 2,000, maji, vyoo, chakula na walinzi. Seneta Strom Thurmond alisimama bungeni kuisoma kesi ya Pasadena ili kuyavunja maandamano, lakini safari hii viongozi hawakumtupa mwenzao. Watu wapatao 250,000 walikusanyika na kutawanyika kwa amani. Dunia yote inaikumbuka hotuba ya King. Ni wachache wanaomkumbuka aliyeliandaa jukwaa.

Rustin alifariki New York tarehe 24 Agosti 1987. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wanafunzi mjini Washington walikuwa wameanzisha Delta Lambda Phi, chama cha udugu cha wanaume mashoga, kwa kuwa milango ya vyama vya zamani ilikuwa migumu kwao. Mwaka 2013 Rais Barack Obama alimtunukia marehemu nishani ya juu kabisa ya raia nchini humo, na mwaka 2020 gavana wa California akamsamehe kosa la 1953.

Nimetumia neno shoga, na kama mwanaisimu sina budi kulieleza. Katika Kiswahili cha pwani, shoga ni jina ambalo mwanamke humwitia mwanamke mwenziwe waliye chanda na pete. Neno la urafiki limepata maana ya pili, na maana hiyo ya pili sasa hurushwa shuleni kama jiwe. Ndugu, kwa upande wake, halibagui hata mume na mke. Hutaja uhusiano tu, wala halimwulizi mtu siri za moyo wake.

Sheria yetu ya adhabu, tuliyoirithi kwa Waingereza, ingali inaharamisha mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta. Lakini mnamo Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba watu hawa hawawezi kunyimwa haki ya kusajili chama chao. Kwa maneno mengine, tendo ni jambo moja, na haki ya kuwa mwanachama ni jambo jingine.

Simtaki mwalimu aache dini yake wala mwanafunzi abadili msimamo wake. Ninachopinga ni desturi ya kumfukuza mwanafunzi katika kwaya, katika chama cha mdahalo au katika umoja wa wanafunzi wa kwao kwa sababu ya minong'ono ya bwenini. Kila chama kina katiba yenye nguzo zake, na mwanachama apimwe kwa nguzo hizo. Wenzake Rustin waliitumia akili yake na kulificha jina lake. Walipomfukuza, kazi yao ilipungukiwa, na waliposimama naye, walifaulu. Mwenyekiti wa chama chochote cha wanafunzi atakayeletewa jina la kufuta na ayakumbuke hayo kabla hajaishika kalamu.