Sophie Spitz: Daktari aliyegundua kuwa vidoa vya ngozi si ndugu wa tumbo moja

Hebu jitazame kwenye kioo. Una kidoa cheusi shavuni, shingoni au mkononi? Watu wengi wanavyo, na wengi wetu hata hatuvijali. Lakini kuna wakati kidoa cha aina fulani kwa mtoto mdogo kingewafanya madaktari waseme ana saratani, kumbe wapi! Aliyeanza kulifumbua fumbo hilo ni Sophie Spitz.

Alizaliwa mwaka wa 1910 jijini Nashville, Marekani. Enzi hizo wasichana waliosomea udaktari walikuwa wachache mno. Yeye alikaza kamba, na mwaka wa 1932 akahitimu katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Baadaye alielekea New York, akafanya kazi katika hospitali ya wanawake na watoto iliyoanzishwa na Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini humo.

Spitz alikuwa mwanapatholojia. Yaani, uvimbe ukishatolewa mwilini, unaletwa maabara, unakatwa vipande vyembamba ajabu na kutiwa rangi. Kisha yeye anavichungulia kwa hadubini na kutoa uamuzi. Kazi ya kimya, lakini si mchezo. Neno lake moja tu lingeweza kubadilisha maisha ya mtu.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, alihudumu katika taasisi ya patholojia ya jeshi jijini Washington. Huko alishirikiana na James Ash kuandaa kitabu cha picha kuhusu magonjwa ya nchi za joto, kilichotoka mwaka wa 1945.

Ndipo ikaja kazi iliyombakizia jina. Watoto fulani walikuwa na vidoa ambavyo kwa hadubini vilifanana na melanoma, ile saratani ya ngozi inayoua. Ajabu ni kwamba wengi wao hawakufa kama watu wazima wenye ugonjwa huo. Kwa nini?

Spitz alikusanya visa vya watoto 13, akavichunguza kimoja kimoja. Mwaka wa 1948 alichapisha matokeo: ni mtoto mmoja tu aliyefariki. Akaonyesha pia kwamba mara nyingi seli za vidoa hivyo zina sura yake, tofauti na za melanoma ya watu wazima.

Uzito wa jambo hili uko wapi? Ukikiita kidoa salama saratani, mtoto anakatwa nyama nyingi bure na wazazi wanakosa usingizi. Ukikosea upande wa pili, saratani inaachwa isambae. Hata Spitz mwenyewe hakumaliza kazi yote: bado aliviita vidoa hivyo melanoma ya watoto. Wengine ndio waliobadilisha jina baadaye, na leo vinaitwa nevasi za Spitz.

Yeye hakuishi kuona mengi. Alifariki mwaka wa 1956 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 46 tu. Wakati huo umbo la DNA lilikuwa limejulikana miaka mitatu tu, na hakuna aliyeweza kusoma jeni za kidoa.

Jibu la kijeni lilianza kupatikana mwaka wa 2000. Watafiti waligundua kuwa baadhi ya nevasi za Spitz zina mabadiliko katika jeni iitwayo HRAS. Baadaye ikaonekana kuwa nyingine hutokana na jeni mbili kuvunjika na kuungana vibaya. Vidoa vya kawaida, vile vyetu vya kila siku, vingi vina mabadiliko katika jeni ya BRAF. Vile vikubwa ambavyo mtoto huzaliwa navyo mara nyingi vina NRAS, na vile vya rangi ya buluu vina GNAQ.

Usidhani mama au baba ndiye aliyekuachia. Kwa kawaida mabadiliko haya hutokea katika seli moja tu ya ngozi. Seli hiyo inazaana, inazaana, kisha breki za mwili zinashika na kidoa kinatulia. Kwa hivyo vidoa viwili vinaweza kufanana kama pacha, kumbe kila kimoja kina chanzo chake. Spitz aliliona hilo kwa jicho na hadubini, nusu karne kabla ya jeni kuthibitisha.

Nasi tujifunze kutazama vizuri. Kidoa kikibadilika umbo au rangi, kikikua haraka au kikitoa damu, usikikwangue wala usikipake dawa ya mtaani. Nenda kwa daktari. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, melanoma hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Leo ukivua viatu, angalia nyayo zako.