Mwalimu Nyerere na Walimu wa Ardhi



Wewe unayesoma kitabu hiki umekwisha kujua kusoma na kuandika. Huenda unaishi Ruanda, katika vilima vya Mbinga, unakolima mahindi, maharage na kahawa. Huenda unaishi kando ya Ziwa Nyasa, unakovua usipa. Popote ulipo, ardhi na maji ndiyo ghala yako. Ghala likitoboka, watoto hulala njaa.

Siku moja wanakijiji wenzako watakuomba uwafundishe jinsi ya kutunza mlima, msitu au chemchemi. Utaanzaje? Utawaamrisha? Utawahutubia? Au utakaa nao na kushauriana nao?

Soma habari za mtu aliyekutana na swali hilo mara nyingi. Jina lake unalijua. Ni Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Lakini watu hawakumwita Rais. Walimwita Mwalimu.

Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mugaya. Ingawa alikuwa mtoto wa mtemi, Kambarage alichunga mifugo kama watoto wengine. Alijua majani, mvua na kiangazi kabla ya kujua herufi.

Alianza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Basi usione haya kwa kuwa ulichelewa kuanza kusoma. Kutoka shule ya Mwisenge, Musoma, alikwenda Tabora. Mwaka 1943 alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kujifunza kazi ya ualimu. Baadaye alifundisha Tabora, kisha akaenda kusoma Edinburgh, Uingereza. Aliporudi mwaka 1952 alifundisha tena, safari hii Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa kiongozi wake. Mwaka 1955 ilimbidi achague: kufundisha au siasa. Aliacha kazi ya shule. Lakini ualimu haukumwacha.

Matuta ya Uluguru

Katika miaka hiyo serikali ya Waingereza ilikuwa na wasiwasi juu ya mmomonyoko wa udongo. Wasiwasi huo ulikuwa wa haki. Udongo ulikuwa unachukuliwa na mvua katika milima mingi. Lakini njia waliyotumia ilikuwa mbaya.

Katika milima ya Uluguru, Morogoro, wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Aliyekataa alitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito. Tena mahali pengine udongo mzuri ulifukiwa chini, na udongo usio na rutuba ukabaki juu. Mkulima alifanya kazi nyingi akavuna kidogo. Hakuna aliyemwuliza yeye anajua nini juu ya mlima wake.

Mwaka 1955 Waluguru walikataa. Kulitokea ghasia, na mtu mmoja aliuawa. Mpango ukaachwa. Mahali pengi nchini watu walichoshwa na amri kama hizo, na TANU ilipata nguvu vijijini.

Angalia jambo hili vizuri, ndugu msomaji. Mafundisho yalikuwa juu ya kitu chema, yaani kuhifadhi udongo. Lakini yalikuja kwa faini. Kwa hiyo watu walichukia faini, wakachukia na matuta.

Chuo chini ya Kilimanjaro

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, mkutano mkubwa ulifanyika Arusha. Watu wa nchi nyingi walikuja kuzungumza juu ya kuhifadhi wanyama na misitu ya Afrika. Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alitoa tamko. Aliahidi kwamba nchi itawatunza wanyama wa porini kwa ajili ya wajukuu wetu. Alisema pia kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu na fedha, akaziomba nchi nyingine zisaidie.

Wageni wengi walidhani kwamba Waafrika hawataweza kutunza mbuga zao. Jibu lilikuwa kuwafundisha watu. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kilifunguliwa kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Vijana kutoka Tanganyika na nchi nyingine za Afrika walikuja kujifunza kutunza wanyama. Hawakukaa darasani tu. Walikwenda porini na walimu wao, wakajifunza kusoma nyayo, majani na maji. Chuo hicho kipo hata leo.

Lakini wataalamu wa mbuga ni wachache. Nani atawafundisha wakulima na wavuvi?

Shamba ni darasa

Mwezi Machi 1967 Mwalimu alitoa maandishi juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba. Mtoto asijifunze mbolea kwa ubao tu, bali aichanganye na udongo kwa mikono yake, kisha apime mavuno.

Huku kwetu kusini jambo hilo lilikuwa limekwisha kuanza. Huko Litowa, katika Songea, wanakijiji walijenga shule yao, na watoto wakajifunza kwa kulima. Litowa ilikuwa moja ya vijiji vya ujamaa vya Ruvuma, vilivyoungana kwa hiari yao wenyewe. Mwalimu alivisifu. Hata hivyo, mwaka 1969 chama alichokiongoza kilivunja umoja wa vijiji hivyo. Wanakijiji wengi walihuzunika. Tukisimulia maisha ya mtu mkubwa, tusimulie na haya.

Kiongozi wa kikundi

Wakati huo watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alitaka watu wajue kwamba maradhi, njaa na udongo mbaya si amri ya Mungu. Vinaweza kubadilishwa.

Ndipo zikaja kampeni za redio. Kubwa kati ya hizo ilikuwa ya mwaka 1973, iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilihusu usafi wa mazingira: maji, vyoo, mbu, minyoo na kichocho. Ilichukua wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Je, walimu walitoka wapi? Hapa ndipo pana funzo letu. Hapakuwa na wataalamu wa kutosha. Basi watu wapatao 75,000 walifundishwa kuwa viongozi wa vikundi. Walifundishwa kwa semina fupi za siku chache. Waliotoka ngazi ya taifa waliwafundisha wengine, na hao wakawafundisha wa chini yao, mpaka vijijini. Viongozi wengi hawakuwa na elimu kubwa. Walikuwa watu kama wewe.

Katika semina hizo walijifunza jambo moja lililo gumu kuliko yote: kutojifanya bwana mkubwa. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa kuhutubia. Kazi yake ilikuwa hii. Kwanza, watu walikaa pamoja wakasikiliza redio. Pili, mtu mmoja alisoma kitabu kwa sauti. Tatu, waliulizana: je, haya yapo hapa kwetu? Nne, walikubaliana watafanya nini. Tano, walitoka wakafanya. Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi.

Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mwaka 1980 ilikuja ya Misitu ni Mali, juu ya kupanda na kutunza miti.

Kosa la kuamrisha

Lakini katika miaka hiyo hiyo lilitokea jambo jingine. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Nia ilikuwa njema: watu wapate shule, zahanati na maji. Lakini mahali pengine viongozi walitumia nguvu, na nyumba za watu zilichomwa moto.

Ardhi nayo iliumia. Watu wengi waliwekwa mahali pamoja. Mashamba ya karibu yalilimwa kila mwaka bila kupumzika, udongo ukachoka. Miti ya karibu ilikwisha kwa kuni. Wakulima waliojua siri za mashamba yao ya zamani walijikuta mahali wasipopajua.

Unakumbuka matuta ya Uluguru? Mkoloni aliamrisha, akashindwa. Baadaye serikali yetu wenyewe nayo iliamrisha, ikavuna hasara. Na huyu alikuwa Mwalimu, mtu aliyejua vizuri kwamba elimu ya hiari ndiyo inayodumu. Basi ikiwa yeye aliteleza, wewe na mimi tujihadhari zaidi.

Mwalimu aliye jirani

Sasa tazama milima ya Umatengo. Kwa vizazi vingi Wamatengo wamelima kwenye miteremko mikali kwa ngoro. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayopitana, kama miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Katikati hubaki shimo, na pembeni hubaki tuta. Maharage hupandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Magugu hutupwa shimoni, yakaoza, yakawa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni wala hayaukokoti udongo bondeni.

Hakuna aliyewatoza Wamatengo faini ili walime ngoro. Mama alimfundisha binti yake shambani. Baba alimfundisha kijana wake. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao kutoka Japani, walikuja Umatengo kujifunza habari za ngoro. Wasomi walikuwa wanafunzi, na wakulima walikuwa walimu.

Leo kuna mambo mapya. Watu wameongezeka. Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe yamechimbwa huko Ngaka, katika kata ya Ruanda. Huenda wewe una kijana anayefanya kazi huko. Udongo, mito na ziwa vinahitaji watu wanaovielewa, wanaoweza kuuliza maswali katika mkutano wa kijiji na kuyasoma majibu. Hiyo ndiyo kazi ya kisomo chako.

Kurudi Butiama

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake. Alirudi Butiama akalima, katika ardhi ile ile aliyochungia mifugo utotoni. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Kila mwaka tarehe hiyo tunamkumbuka.

Unaweza kumkumbuka kwa nyimbo na hotuba. Lakini kuna njia nyingine. Waite majirani watano. Nendeni mpaka kwenye chemchemi yenu. Usiseme kwanza. Waulize wazee: zamani maji yalifika wapi? Waulize akina mama: kuni mnazikata wapi? Waulize vijana: nani analima hapa juu? Kisha soma ukurasa mmoja wa kitabu kwa sauti. Kubalianeni jambo moja dogo, mlifanye wiki hiyo hiyo.

Ukifanya hivyo, wewe nawe utakuwa mwalimu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini Waluguru walikataa matuta mwaka 1955?
2. Kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya alikuwa na kazi gani?
3. Kuhamishwa kwa nguvu kuliiletea ardhi madhara gani?
4. Katika kijiji chako, ni nani anayejua zaidi habari za udongo na maji? Je, mmekwisha kumwomba awafundishe?
5. Andika sentensi tatu juu ya jambo moja ambalo kikundi chenu kitafanya mwezi huu.