Honda na Dubwana la Baharini
Marehemu Ishirō Honda alizaliwa Japani mwaka 1911. Alitumikia jeshi huko Uchina, na aliporejea mwaka 1946 alipita Hiroshima akayaona magofu yake. Machi 1954 majivu ya bomu la Marekani yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani wasio na hatia. Novemba mwaka huo Honda akatoa filamu ya Godzilla, dubwana lililoamshwa vilindini na mabomu. Alifariki mwaka 1993. Mwaka 2013 filamu ya Marekani, Pacific Rim, iliandikwa tabaruku kwa jina lake.

Sisi wa Tanga, ambao miamba yetu imevunjwa kwa baruti, tuzingatie: bahari ikidhulumiwa, huumia na asiyekuwamo. Viongozi na wavuvi wa visiwani, hatuna budi kuilinda.