Kazadi Mwamba, golikipa wa Lubumbashi ambaye watu wanamuhukumu kwa dakika 21

LUBUMBASHI – Kila mara Kombe la Dunia linapokaribia, habari moja ya zamani inarudi katika midomo ya watu: mwaka wa 1974, Zaire ilipigwa magoli 9 kwa 0 na Yugoslavia. Na mara nyingi mutu anayebebeshwa muzigo wa magoli hayo yote ni golikipa wa TP Mazembe, Kazadi Mwamba. Lakini hesabu haiko hivyo. Kazadi aliingiziwa magoli 3. Ile mengine 6 iliingia wakati yeye alikuwa tayari ametolewa kiwanjani.

Ni vizuri vijana wa leo wamujue mutu huyu, kwa sababu historia yake haikuanzia Ujerumani. Ilianzia katika mupira wa hapa kwetu.

Kazadi alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka wa 1947. Wakati huo muji wetu ulikuwa unaitwa Elisabethville, na timu ya Mazembe ilikuwa na miaka 8 tu. Timu hiyo ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenediktini, ikiitwa Saint-Georges. Kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari, na ndani ya miaka ya 1960 ikaongeza maneno Tout Puissant, ni kusema mwenye nguvu zote.

Miaka hiyo jina halikuwa la majivuno ya bure. Mwaka wa 1966, miaka 3 tu kisha Katanga kurudi ndani ya Kongo moja, Englebert ilishinda shampiona ya inchi. Ikarudilia mwaka wa 1967, na tena mwaka wa 1969. Shampiona ya 1968 haikuenda mbali: ilichukuliwa na Lupopo, timu ya watu wa reli. Kwa hiyo, kwa miaka 4 yenye kufuatana, kikombe cha inchi hakikutoka Lubumbashi. Derby ya muji huu ilikuwa ni mechi ya mabingwa wawili wa inchi.

Ni katika timu hiyo ndipo Kazadi alilinda goli, pamoja na wachezaji kama vile mushambuliaji Pierre Kalala, na kisha Tshimen Bwanga na Mwepu Ilunga.

Kule inje, Englebert iliogopwa pia. Mwaka wa 1967 ilifika kwenye fainali ya Kombe la mabingwa wa Afrika na kukutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi mbili ziliisha sare, 1-1 kule Kumasi na 2-2 Kinshasa. Mechi ya tatu ilipangwa nchini Kameruni, lakini Kotoko haikufika, na kikombe kikapewa watu wa Lubumbashi. Mwaka wa 1968, hakuna aliyeweza kusema kwamba walipewa: waliipiga Étoile Filante ya Lomé magoli 5 kwa 0, na hata kupoteza 4-1 katika mechi ya kurudiana hakukuwaondolea ubingwa. Ilikuwa timu ya kwanza kuchukua kombe hilo mara mbili zenye kufuatana. Mwaka wa 1969 na wa 1970 ilifika tena fainali, lakini ikashindwa.

Mwaka huohuo wa 1968, timu ya taifa ilishinda Kombe la Afrika kule Addis Ababa. Ghana ilipigwa goli 1 kwa 0, goli la Kalala, na Kazadi alikuwa katika kikosi hicho. Alikuwa na miaka karibu 21.

Kisha mambo ya inchi yakabadilika. Kongo ikaitwa Zaire, na siasa ya Mobutu ya kurudilia majina ya asili ikaondoa majina ya Kizungu. Robert Kazadi akabakia Kazadi Mwamba, na Englebert ikawa Mazembe. Mwaka wa 1973, katika kuchagua muchezaji bora wa Afrika, Tshimen Bwanga alichukua nafasi ya kwanza na Kazadi akawa wa pili. Wote wawili walikuwa wa timu moja, ya muji mumoja.

Mwezi wa tatu wa 1974, Zaire ilichukua tena Kombe la Afrika kule Kairo, kisha kurudilia fainali na Zambia. Miezi 3 baadaye ikawa inchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Mechi ya kwanza, Scotland ilishinda magoli 2 kwa 0. Hakukuwa aibu yoyote. Lakini mbele ya mechi ya pili, wachezaji walikuwa wamekasirika kwa sababu feza walizoahidiwa hazikuwafikia. Tarehe 18 mwezi wa sita, Yugoslavia ilifunga mara 3 ndani ya dakika 18. Katika dakika ya 21, Kazadi akatolewa, na Tubilandu akaingia. Goli la 4 likaingia palepale. Kocha Blagoje Vidinić, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Muyugoslavia, alieleza baadaye kwamba amri ya kumutoa golikipa ilitoka kwa mukubwa mumoja wa wizara ya michezo.

Kazadi alirudi golini siku 4 baadaye, mbele ya Brazil. Mwepu Ilunga alieleza miaka mingi baadaye kwamba walikuwa wametishwa: wakipigwa magoli 4, wasirudi nyumbani. Goli la 3, la Valdomiro, lilikuwa shuti ambalo Kazadi angeweza kushika. La 4 halikuingia.

Kazadi alifariki ndani ya miaka ya 1990. Hakuona Mazembe ikirudi kileleni mwa Afrika mwaka wa 2009, kisha kungojea miaka 41, wala golikipa Kidiaba akishangiliwa dunia nzima mwaka uliofuata.

Mwenye kutaka kuhesabu magoli aliyoingiziwa, ahesabu pia vikombe: 2 vya Afrika na inchi yake, 2 vya Afrika na timu yake.