George Shiras III

George Shiras III (1 Januari 1859 – 24 Machi 1942) alikuwa mwanasheria, mwanasiasa na mpigapicha kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mmoja wa watu wa kwanza kupiga picha za wanyama pori msituni wakati wa usiku.

Maisha

Alizaliwa Allegheny, Pennsylvania. Baba yake, George Shiras Jr., alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha Cornell, kisha sheria huko Yale, akawa wakili. Miaka 1903–1905 alikuwa mbunge katika Baraza la Wawakilishi la Marekani.

Upigaji picha

Tangu ujana wake alikwenda kuwinda katika misitu ya kaskazini mwa Michigan, karibu na Ziwa Superior. Waojibwe, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na mbinu ya kuwinda usiku: waliwasha moto mbele ya mtumbwi, na kulungu aliyekuja ziwani alibaki akiukodolea macho mwanga huo hadi alipopigwa. Shiras alichukua mbinu hiyohiyo, lakini mahali pa bunduki akaweka kamera. Alisogea kimyakimya kwa mtumbwi, kisha akalipua unga wa magnesi uliotoa mwanga mkali kwa nukta moja. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwa kuwa unga huo uliweza kumwunguza mtumiaji. Alitega pia kamera kwa kamba, ili mnyama akiigusa ajipige picha mwenyewe.

Picha zake zilipata tuzo mjini Paris mwaka 1900 na St. Louis mwaka 1904. Julai 1906 gazeti la National Geographic lilitoa picha zake 74 katika toleo moja.

Uhifadhi

Wakati ule kila jimbo lilikuwa na sheria yake ya uwindaji. Ndege wanaohama waliolindwa katika jimbo moja waliuawa kwa wingi katika jimbo jirani. Mwaka 1904 Shiras alipeleka bungeni muswada wa kuwaweka chini ya ulinzi wa serikali kuu. Haukupita, lakini wazo lake lilizaa sheria ya mwaka 1913, iliyofuatwa na sheria yenye nguvu zaidi mwaka 1918.

Alifariki Marquette, Michigan, akiwa na umri wa miaka 83.