SALUM ABDALLAH: MTI MKUU WA MOROGORO

Wahenga walinena kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Mwaka huu sisi wanachama wa Kiswahili hapa Bahati tumeyumba kwelikweli. Wale waliokianzisha chama hiki wamemaliza kidato cha nne wakaenda zao, na mikutano ya Ijumaa ikawa na viti vingi kuliko watu. Wengine walisema gazeti lisitoke tena. Mimi nikakumbuka kisa cha bendi moja, nikaona niwasimulie maisha ya mwanzilishi wake.

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa mwaka wa 1928 mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, huko Tanganyika. Wengi walimjua kwa herufi tatu za majina yake, yaani SAY. Tangu ujana wake alikuwa na ugonjwa mmoja tu: muziki wa Kuba. Siku hizo santuri za Kuba zilikuwa zimeenea Afrika nzima, zile zilizoandikwa herufi GV na namba. Zilianza kutolewa mwaka wa 1933, na vijana wa bara hili walizipenda ajabu. Kumbe si ajabu! Mdundo wenyewe ulitoka Afrika, ukavushwa bahari na mababu waliouzwa utumwani, kisha ukarudi nyumbani ndani ya santuri.

Basi Salum akaamua kwenda Kuba yenyewe. Hebu fikiria, kijana wa Morogoro, hana hili wala lile, anataka kuvuka bahari kufuata gitaa! Safari iliishia Mombasa. Akarudi kwao mikono mitupu, lakini moyo haukurudi nyuma. Akaona kama hawezi kwenda Kuba, basi Kuba itakuja Morogoro. Mwaka wa 1948 akaanzisha kikundi alichokiita La Paloma, ambacho baadaye kilikuja kujulikana kama Cuban Marimba.

Bendi hiyo haikuwa mchezo. Walipiga rumba na chacha kwa mtindo wa Kuba, lakini maneno yalikuwa Kiswahili safi, cha mapenzi, cha mawaidha na cha siasa. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Salum alikuwa miongoni mwa walioishangilia kwa nyimbo. Wakati huo hapakuwa na albamu kama tunavyozijua leo. Santuri moja ilikuwa na wimbo mmoja kila upande, wa dakika tatu hivi, kwa hiyo mtunzi ilimbidi aseme lake upesi. Nyingi za santuri zake zilitolewa Mombasa na kampuni ya Assanand, kwa jina la Mzuri. Yaani mji uleule uliomkatiza safari ndio uliolipeleka jina lake mbali, hata huku Kenya.

Mjini kwao walikuwapo pia Morogoro Jazz, wapinzani wakubwa. Morogoro ikagawanyika, huyu wa huku, yule wa kule. Lakini ushindani huo ndio ulionoa pande zote mbili, na mji mdogo ukawa na sifa ya muziki kushinda miji mikubwa.

Mwaka wa 1965 msiba ukabisha hodi. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari, hata miaka 40 hajafikisha. Mwanzilishi, mtunzi, mwimbaji na kiongozi, wote waliondoka siku moja, maana walikuwa mtu mmoja. Wangapi walidhani Cuban Marimba imezikwa naye?

Haikuzikwa. Juma Kilaza ndiye aliyeshika usukani. Kazi hiyo si rahisi, wenzangu. Ukiimba nyimbo za marehemu, watu watasema unamwiga. Ukiimba zako, watasema umemsahau. Kilaza alikubali kutunga na kuimba kwa sauti yake mwenyewe. Bendi ikarekodi nyimbo mpya, na ikaendelea kuchezesha watu hadi miaka ya 1970. Jina lilibaki lile la Salum, na pumzi ikawa ya walio hai.

Si kila bendi huweza. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata sifa akiwa na Morogoro Jazz, aliondoka mwaka wa 1973 akaunda Super Volcano. Naye alikufa kwa ajali ya gari, huko Mombasa, Januari 1979. Super Volcano haikupata tena jina kama lile alilowapa yeye. Nyimbo za Mbaraka zinapendwa mpaka leo, ila bendi ilipoa kama jivu.

Tofauti ni nini? Mimi naona kumlilia mwanzilishi ni haki, lakini kazi yake haiendelei kwa machozi. Lazima mtu mmoja asimame, ashike gitaa, akubali kulinganishwa na kuchekwa.

Ndiyo sababu gazeti hili limetoka, ndugu msomaji. Waliotuanzishia wamekwenda, sisi tumebaki na jina lao na kalamu zetu. Kama lina makosa, tucheke pamoja, kisha Ijumaa uje mkutanoni ukalie kimojawapo cha vile viti.

Mungu amlaze Salum Abdallah mahali pema peponi.